Kibarua Lamu au kibarua Malindi: mwenye mikono aende wapi?

Mpwa wangu alikuja nyumbani mwezi uliopita, akakaa barazani mpaka chai ikapoa, ndipo akalitoa neno lililomleta.

"Mjomba, nimeambiwa Lamu siku inalipa kuliko hapa. Niende?"

Kijana amemaliza kidato cha nne huko Gongoni, karo ya chuo hana, mabega anayo. Nikamuuliza huyo aliyemwambia amefanya kazi Lamu muda gani. Wiki mbili, akasema.

Mimi ni mwashi. Malindi nimefanya kibarua tangu nikiwa mtu wa kupandisha karai, na Lamu nimekwenda kukaa mara tatu: mara moja kwenye timbo la mawe kisiwani Manda, mara mbili Shela nikijenga. (Shela ya Lamu, si hii yetu ya Malindi. Miji hii miwili inaazimana majina: Maweni iko hapa na Maweni iko Manda. Ukipigiwa simu uambiwe kuna kazi Maweni, uliza kwanza kama ni ya kuvuka maji.) Sijawahi kupewa barua ya ajira upande wowote, kwa hiyo ninayolinganisha ni maisha ya mtu anayeuza nguvu zake kwa siku: mjenzi, mchukuzi, mchimba mawe, mvuna chumvi, mkata boriti.

Bei ya siku ni nusu ya habari

Nina daftari la jalada jeusi ambalo naandika kila siku niliyofanya kazi. Sikulianzisha kwa busara. Mkandarasi mmoja aliwahi kuniambia nilikuja siku kumi, nami najua nilikuja kumi na sita, lakini yeye alikuwa na karatasi na mimi nilikuwa na mdomo. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili aonyeshe saa ya kulipwa. Siku hizi kikaratasi hakipo, jina limebaki. Basi kikaratasi changu najiandikia mwenyewe.

Nilipolifungua mbele ya kijana tukasoma pamoja. Mwaka mmoja hapa Malindi, Novemba nilifanya siku 25. Mei ya mwaka huohuo nilifanya nane. Miezi minne niliyokaa Shela inasomeka 21, 19, 22, 20. Bei ya siku ilikuwa inakaribiana sana pande zote mbili, Lamu ikizidi kidogo. Ukitazama bei peke yake utasema ni mamoja. Ukihesabu siku utaona ni kazi mbili tofauti kabisa: moja inakuja kama mvua na kukatika kama mvua, nyingine inadondoka taratibu mwaka mzima, almuradi umeshajulikana.

Hapo "umeshajulikana" ndipo pana mtego, nitaurudia.

Serikali inasema Malindi ni ghali kuliko Lamu

Kabla ya mtaani, tuanze na sheria, maana wengi wanadhani mshahara wa chini wa Kenya ni mmoja. Si mmoja. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 imegawa nchi mafungu matatu: miji mikuu kama Nairobi na Mombasa, kisha zilizokuwa manispaa, kisha kwingine kote. Mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa, ambaye amri inamweka kapu moja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana, anatakiwa Mombasa asipungukiwe na shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Malindi ilikuwa manispaa enzi za mabaraza ya zamani, kwa hiyo kiwango chake ni 14,866.90. Lamu ilikuwa na baraza la kaunti tu, ikaangukia kwenye "kwingine kote": 8,596.49. Siku hizi Lamu nayo ina manispaa yake, lakini amri inazungumzia zile za zamani.

Tofauti ni shilingi 6,270 na senti, kwa kazi ileile ya kufagia ua uleule wa mchanga. Na vyote hivyo ni kabla ya posho ya nyumba, ambayo ni asilimia 15 juu yake ikiwa mwajiri hakukupa pa kulala.

Ukigawa kwa siku 26, Malindi inakuja kama shilingi 572 na Lamu kama 331. Hayo ni makadirio yangu. Amri ina safu yake ya malipo ya siku. Sasa, hakuna mtu wa mkono ninayemjua Shela anayepandisha karai kwa 331. Kwenye ujenzi soko limeipita sheria zamani. Lakini kwenye ajira ya mwezi, kule kutunza bustani ya nyumba ya mgeni, kufagia, kulinda mchana, sheria inauma. Mwenye nyumba Lamu akikupa elfu kumi na chumba cha uani, amekuzidishia. Huyohuyo Malindi akikupa elfu kumi, amekudhulumu. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kutafuta kazi ya mwezi isiyo ya ufundi, usisumbuke kulipa nauli. Baki Malindi, na hiyo namba 14,866.90 uiandike kwenye simu.

Malindi: mji unaofuata likizo za Waitaliano

Waitaliano walianza kuizoea pwani hii miaka ya 1960, walipoleta jukwaa la kurushia roketi baharini Ngomeni. 1967 satelaiti yao ikaruka kutoka hapo. Wahandisi wakaja, jamaa zao wakafuata, zikaja hoteli na majumba, na mpaka leo ratiba ya kibarua wa Malindi inapangwa na watu wanaoadhimisha Krismasi Milano.

Wenye majumba wanataka kufika Desemba wakute makuti mapya, ukuta umepakwa rangi, bwawa halivuji. Basi kuanzia Septemba mji unachangamka. Simu zinalia saa kumi na mbili asubuhi. Foromani anayekuona njiani anasimamisha pikipiki. Mwezi wa Novemba hata mtu asiyejua kushika koleo anapata kazi, ndiyo maana daftari langu lina 25. Wageni wakiingia, kelele za ujenzi zinakatazwa. Anayebaki na kazi ni mtunza bustani na mpishi. Baada ya Pasaka hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu, na masika, ambayo wazee wetu huiita mvua ya mwaka, inaingia. Baadhi ya hoteli hutumia muda huo kufanya matengenezo ya ndani, na hapo wanabahatika mafundi wa vigae, mabomba na umeme. Kibarua wa nje anakaa barazani. Hizo ndizo siku nane za Mei.

Anayetegemea Malindi peke yake lazima awe na kazi ya pili ya Aprili hadi Julai. Wengine wanarudi shambani kulima mahindi. Wengine wanakodi bodaboda. Wanawake wanasuka makuti, wakiyauza kwa idadi kwa wanaoezeka, na hiyo ni kazi ya mikono kama nyingine ingawa hesabu za vibarua huwasahau. Na kazi za mjini zikikauka mapema zaidi, Januari hadi Machi jua likiwa kali, wapo wanaokwenda kaskazini, kwenye chumvi.

Chumvi, kwa sababu mpwa wangu ametoka Gongoni na ameiona tangu utotoni, tuliizungumza kwa urefu. Mashamba yake yanaanzia upande wa Gongoni na kupanda hadi Marereni na Kurawa. Maji ya bahari yanavutwa wakati wa kujaa, yanaingizwa mabwawani, yanahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyapika, mpaka yafike kwenye vitalu vya mwisho ambako chumvi inaganda chini. Hapo ndipo mtu anahitajika: kukwangua, kukusanya, kusukuma, kupakia. Kazi haihitaji cheti wala kujuana, unajitokeza tu. Lakini inalipwa mara nyingi kwa kipimo, si kwa siku, na mvua moja nzito inaweza kuyeyusha ulichokusudia kukwangua kesho. Jua linakupiga mara mbili, la juu na lile linalorudi kutoka kwenye weupe wa chumvi. Mguu wenye mkwaruzo mdogo haufungi kidonda. Mtu asiye na buti nzuri na miwani ya jua asiende. Si urembo hivyo.

Malalamiko ya huko si ya jana. Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti baada ya kusikiliza wananchi wa Magarini hadharani kuhusu ardhi, mazingira na hali ya wafanyakazi kwenye chumvi. Naitaja kwa kuwa wapo wanaomwambia kijana kwamba chumvi ni kazi ya kudumu. Ni kiraka cha miezi ambayo kazi mjini zimekauka. Jaza nayo miezi, usijenge nayo maisha.

Lamu: mji unaofuata maji

Nilipofika Manda mara ya kwanza nilidhani nitakaa mwezi nirudi na pesa. Timbo la Maweni limejaa watu waliotoka mbali, wengi wao kutoka kule Ziwa Victoria, waliokuja kuchimba mawe wakaoa, wakazaa, wakabaki. Kazi yenyewe ni hivi. Unasafisha gamba la juu mpaka upate jiwe jeupe. Unalipiga mstari kwa sururu, unachimba mfereji mwembamba pembeni, unaingiza mtaimbo chini na kulibandua. Likitoka unalichonga kwa tindo na shoka mpaka liwe na pembe nne. Unalipwa kwa jiwe. Lililopasuka ni lako: halihesabiwi, ila unaweza kulipigia kokoto. Siku yangu ya kwanza nilibandua mawe ishirini na matatu, yakahesabiwa tisa. Mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa na umri wa baba yangu na hakuonekana kutoa jasho, akapata arubaini na ushei. Aliniambia neno moja tu siku ile: "Lisikilize." Ilinichukua wiki tatu kujua kwamba jiwe lenye ufa ndani hulia tofauti ukiligonga.

Sasa hapa ndipo Lamu inapoachana na Malindi. Jiwe lako halina bei mpaka livuke mkondo kwenda Lamu mjini au Shela, na haliwezi kuvuka mpaka mashua iguse pwani. Mashua ya mawe inapakiwa maji yakiwa yametoka, ikiwa imekaa mchangani, kisha inasubiri kujaa iinuke. Bamvua ikija, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda hadi karibu na marundo, mashua zinafuatana na pesa inaonekana. Maji mafu yakija, yasiyojaa sana, siku kadhaa mashua kubwa hazisogei mpaka karibu, na rundo lako linakaa kukutazama. Kwa hiyo mchimba mawe wa Manda halipwi Jumamosi. Analipwa na mwezi wa mbinguni. Mtu aliyezoea kulipwa jioni atakopa kwa muuza duka siku ya nne, na hapo anaanza kuchimba mawe ya muuza duka.

Na maji ya kunywa? Kisiwa kile ni jiwe na chumvi. Maji yanaletwa kwa mashua na mtungi unanunuliwa. Mtu anayebandua mawe juani hanywi kikombe kimoja. Ukilinganisha ujira wa Manda na wa Malindi, ondoa kwanza mitungi.

Jiwe likishavuka linapandishwa punda. Mji wa Kale wa Lamu vichochoro vyake ni vya mtu na punda, gari halipiti, na hiyo ni riziki ya wachukuzi, wapakizi na wenye punda. Mfuko mmoja wa saruji uliotoka Mombasa umepanda lori, ukashuka Mokowe, gati la upande wa bara, ukapanda mashua, ukashuka gatini, ukapanda punda, ukabebwa kichwani ghorofani. Kila hatua ina mtu anayelipwa. Mwenye nyumba analalamika kwamba ujenzi Lamu ni ghali. Mimi naona ni mji ambao bado haujapata njia ya kumruka mchukuzi.

Shela ni jambo jingine. Wageni wenye pesa wamenunua viwanja na magofu, wanajenga na kujenga upya, na hawajengi kwa pupa ya Desemba kama wa Malindi. Nyumba moja inaweza kumaliza miaka miwili. Ndiyo zile 21, 19, 22, 20. Lakini wanataka ujenzi wa Kiamu: mawe ya Manda, plasta ya chokaa iliyolainishwa kwa mkono, zidaka ukutani, dari ya boriti. Mji wa Kale uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na kukarabati nyumba ya zamani humo kunafuata masharti ya uhifadhi. Saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na plasta inabanduka kwa chumvi; chokaa inapumua. Fundi anayejua kuloweka chokaa, kuisubiri, kuipiga na kuisugua hatafuti kazi. Kazi inamtafuta, na anataja bei.

Mimi nilikuja na mwiko wangu na miaka kumi ya kuta za Malindi, nikaambiwa nianze tena kwa kuchekecha chokaa. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu fundi mkuu, Mwamu mmoja mpole asiyepandisha sauti, alinishika mkono akauweka kwenye ukuta aliousugua asubuhi. Ulikuwa kama shavu la mtoto. Nikarudi kwenye chekeche.

Huo ndio mtego wa "umeshajulikana". Malindi saa kumi na mbili asubuhi unasimama pale wanaposimama vibarua na foromani anakuchagua kwa kifua. Lamu hakuna kusimama. Kila fundi ana watu wake, wengi ni jamaa au majirani, na mgeni anaingia kwa kuletwa na mtu. Ukifika bila jina la mtu mfukoni utakaa wiki mbili Langoni au Wiyoni unalipia chumba na kula akiba. Wenyeji nao wana uchungu wao, kwamba kazi kubwa zikija zinachukuliwa na watu wa kuja. Uchungu huo una sababu, usiubishie.

Bandari, boriti na mashamba

"Na bandari je?" kijana akauliza. Kila mtu anauliza bandari.

Mradi wa LAPSSET, huo wenye bandari mpya ya Lamu na barabara zake, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 20, 2021. Wakati wa kujenga zile gati tatu za kwanza, vibarua walihitajika kweli. Lakini kujenga bandari na kuendesha bandari ni mambo mawili. Kreni ikishasimama, anayehitajika ni mwenye cheti cha kreni. Mtu wa koleo anangoja barabara inayofuata au ghala linalofuata. Na bandari iliwaondoa wengine kwenye riziki: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata. Nimechanganya zege Shela na vijana wawili waliokuwa wavuvi. Kwa hiyo hesabu hiyo pia: bandari imeongeza mikono inayotafuta kazi nchi kavu. Kumfungasha kijana kwa ajili ya bandari bila cheti, mimi sithubutu.

Boriti za mikoko zilikuwa kazi kubwa ya Lamu tangu enzi za majahazi ya Arabuni. Wakataji wanakaa kambini ndani ya mikono ya bahari siku kadhaa, wanakata, wanapanga kwa unene, fito mbali, pau mbali, boriti mbali, na kuuza kwa korija, yaani ishirini-ishirini. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 iliwapiga vibaya, na wengi walitoka. Hata kukiwa na vibali, soko la nguzo za ujenzi sasa limejaa mivinje ya Magarini, inayooteshwa shambani na kupakiwa lori bila kusubiri maji. Ni kazi ya mwenyeji mwenye mashua na ukoo ndani yake. Mgeni aipite.

Mpeketoni na Hindi kuna vibarua vya shamba, pamba na ufuta, kwa msimu. Kama unatoka kwenye kilimo utaelewana nao haraka.

Njia, chumba, na siku ya kuumia

Kutoka Malindi unapanda basi, unapita Garsen na Witu, unashuka Mokowe, unavuka kwa boti. Lami imefika, safari si ile ya zamani ya kulala tope. Ila tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 na mengine yaliyofuata, barabara ile ina vizuizi na ukaguzi. Bila kitambulisho utashushwa, na mchana ndio wa kusafiria. Mke wangu hakulala vizuri nilipokuwa huko, na hilo ni gharama ingawa halimo daftarini.

Chumba Malindi utapata cha kila mfuko, ukiwa tayari kusogea Kisumu Ndogo au Muyeye, na tuktuk au baiskeli ikakufikisha kazini. Lamu mjini vyumba ni vichache, na mboga zimevuka maji kama saruji. Samaki ndiyo afueni, hasa ukijuana na mvuvi. Mwezi wa Ramadhani kazi Lamu zinaanza mapema na kukatika mapema, migahawa mchana imefungwa. Asiyefunga ajue pa kula kwa adabu. Ikija Maulidi, Mfungo Sita, mji unajaa wageni, ujenzi unalala, na wachukuzi na wenye mashua wanavuna.

Suala la kudhulumiwa linanigusa, kwa hiyo nitalisema hata kama kijana alianza kupiga miayo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku alipwe siku hiyo ikiisha. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, huhesabiwi tena kibarua, unageuka wa mwezi, na haki za wa mwezi zinakujia. Wakandarasi wengine wanakijua kifungu hicho kuliko sisi, ndiyo maana siku ya ishirini na tano unaambiwa "pumzika kidogo, nitakupigia." Ukiumia kazini, kuna sheria ya fidia, nayo ya 2007, na inamhusu hata asiye na barua ya ajira, ila uwe na ushahidi kwamba ulikuwa kazini. Malindi ina Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi palepale mjini. Ukiwa timboni Manda, kuidai haki hiyo kuna boti, basi na siku tatu bila kipato. Wengi wanasamehe kwa sababu ya nauli.

Kwa hiyo, popote: picha ya simu kila asubuhi ukiwa kazini, jengo likionekana. Daftari jioni. Malipo kwa M-Pesa ikiwezekana, maana ujumbe unabaki.

Nilivyompangia

Kama ungekuwa na mke na mtoto anayesoma, nilimwambia, ningekuambia baki Malindi, ufanye mji Septemba hadi Desemba kwa nguvu zote, uweke akiba ya masika, na Januari hadi Machi uangalie chumvi. Kama ungekuwa huna senti na unataka pesa wiki ijayo, Malindi pia, kwa kuwa kifua kinatosha kukuajiri. Kama ungekuwa tayari fundi wa vigae au mabomba, Malindi na Watamu zingekulisha hata Mei.

Lakini wewe una miaka kumi na tisa, huna wa kumlisha, na huna ufundi. Manda usiende, mgongo ni mmoja, na mle unauza mgongo bila kununua ujuzi. Nenda Shela, lakini si kwa bei ya siku. Nenda kwa chokaa. Nitakupa jina la fundi wangu, utachekecha miezi sita kwa ujira mdogo kuliko unavyotamani, na usinipigie simu kunung'unika kabla ya bamvua ya tatu. Beba kitambulisho, akiba ya mwezi mzima wa chakula na chumba, na vyombo vyako mwenyewe, maana fundi wa Lamu haazimi mwiko.

Aliondoka Jumatatu na basi la asubuhi. Alhamisi akapiga simu. Hakusema habari za ujira. Alisema ameambiwa aje na timazi na amelisahau chini ya kitanda, kama naweza kumpa dereva wa basi la kesho, alishushe Mokowe kwa kijana wa boti anayeitwa na kila mtu Bamkwe.

Nililipata, limefungwa ndani ya soksi. Nikamwekea na daftari jipya.